Nilivyomnunua bibi yangu duka la mitumba Yeoville, na mama mkwe akampokea

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, wengine mambo vipi.

Niko humu muda mrefu nasoma tu vituko vyenu kimya kimya. Leo natoa cha kwangu. Si chai, bibi mwenyewe yuko ukutani hapa ananitazama nikiandika.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Mume wangu Vusi ni Msauzi aliyekuwa mkimbizi Morogoro enzi zile za kupigania uhuru wao. Tulioana huko huko, na kwao kulipotulia, mwaka 1995, tukahamia Johannesburg, flat ya chumba kimoja Joubert Park.

Nilidhani nimeolewa. Kumbe kwa mama mkwe kule Soweto nilikuwa bado mgeni wa mwanawe.

Hoja yake ilikuwa moja tu: hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuja kuonana na watu wa kwao. Kwao haolewi mtu peke yake, unaolewa na ukoo wako. Nauli ya kumleta mama yangu kutoka Tanga hatukuwa nayo, basi nikawa naitwa "yule wa Vusi".

Nilipomzaa binti yetu Nomsa, mama mkwe akakataa kumtambulisha kwa wazee wao waliotangulia. Alisema hawezi kusimama mbele yao na mtoto wa upande mmoja. Hapo niliumia, siwafichi. Mimi kuitwa yule, sawa. Lakini mtoto?

Tuje kwenye picha.

Siku moja nikaingia duka la vitu vilivyotumika mtaa wa Yeoville, nikakutana na mwanamke kwenye fremu kubwa. Mchoro wa rangi, umeshikwa na moshi wa miaka. Pua imesimama, mtandio mweusi wa lesi kichwani, upepeo mkononi, na macho ya kukuuliza kama umeoga.

Wakuu, Mwambao mtupu! Shangazi zangu hujitanda vile vile wakienda harusini. Nikasema huyu ni wa Pangani, kama si Pangani basi Pemba. Mwenye duka aliniachia kwa bei ya sufuria, na nadhani alihesabu fremu tu.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja na shangazi wawili wa Vusi. Hata kukaa hajakaa, akaiona.

"Huyu ni nani?"

Naapa nilitaka kusema ni pambo. Lakini shangazi mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu lile tabasamu lake, la kumtazama mtu asiye na kwao. Mdomo ukanitangulia.

"Ni bibi yake babu yangu. Wa Tanga."

Vusi akapaliwa na chai.

"Anaitwa nani?"

"Bibi Mwanasha."

Mama mkwe akaitazama kwa muda. Kisha akaomba kisahani, akawasha impepho, yale majani makavu wanayofukiza wakisema na wazee wao, kama sisi na ubani. Akambeba Nomsa hadi mbele ya picha, akamweleza Bibi Mwanasha kwa Kizulu kirefu kwamba mtoto amefika na pande zote mbili zimeonana.

Nililia. Shangazi wakanifariji, wakidhani namlilia marehemu.

Tangu siku ile nikawa makoti, mke halali wa ukoo. Kila wakija wanamwamkia bibi kwanza, mimi baadaye. Krismasi anawekewa biskuti. Kibri kikanipanda, nikawa nasimulia hadi tabia zake: hakupenda kelele, alijua kupika bokoboko.

Mwaka 2003 tukahamia vyumba vya kupanga mtaa wa La Rochelle, mji ule ule, fremu ikavunjika njiani. Nikampelekea fundi wa fremu, mzee wa Kizungu. Akavaa miwani, akainama kwenye kona ya chini, akaisoma sahihi ya mchoraji.

Bibi Mwanasha ni Mhispania, wakuu. Karne ya kumi na tisa, rangi ya mafuta, kazi ya mtu aliyejua kazi. Na ule mtandio ni wa kuendea kanisani.

Siku mbili baadaye fundi akapiga simu: kuna mnunuzi, na alichotaja kilitosha kututoa kwenye kupanga.

Vusi akasema, "Uza."

"Nimwambie nini mama? Nimemuuza bibi?"

Nikafanya nilichozoea. Nikapanda teksi hadi Soweto na uongo mpya: binamu zangu wa Tanga wanamtaka bibi arudi nyumbani.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Akanimiminia chai.

"Eish, makoti. Mimi nimefanya kazi za ndani Parktown miaka thelathini. Bibi kama huyu nimemfuta vumbi kila asubuhi. Kila nyumba ya Wazungu ina wake."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu mlangoni."

"Mbona ulimfukizia?"

"Nilikuwa nimekufungia mlango, sikujua namna ya kuufungua bila kuaibika mbele ya wifi zangu. Wewe ukaniletea bibi." Akakoroga chai yake. "Uza ukitaka, ni wako. Ila mimi mjukuu wangu nilishamkabidhi kwake, na sijui nitamwambia nani mwingine."

Hatukuuza. Kodi ya La Rochelle tukaendelea kulipa miaka mingi, na Vusi hunikumbusha kila anapogombana na mwenye nyumba. Mama mkwe tumeshamzika. Picha yake ipo ukutani, tuliitundika pembeni ya Mhispania, na kisahani ni kimoja.

Funzo: kabla hujamdanganya mama mkwe, uliza kwanza maishani amefanya kazi gani.

Haya, nirusheni mawe. Ila mwenye bibi wa dukani ukutani kwake naye ajitokeze, najua siko peke yangu.