Mlango wa Bafu la Mama

Mimi huuza vigae, mifereji, masinki na vyoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, na nasema bila haya kwamba mtaani kwetu Kiamunyi hakuna anayejua mambo ya bafu kunishinda. Wako wanaojua kuta, wako wanaojua paa. Mimi nipe sakafu. Nikiingia bafuni kwa mtu, hata kama nimekwenda kutoa pole, macho yangu huenda chini kwanza kuangalia maji yanasimama wapi. Utakuta nyumba ya kifahari, geti la umeme, na mwenyewe anaoga amesimama ndani ya kidimbwi kwa sababu fundi alilaza sakafu sawasawa kama meza. Watu hawapendi nikiwaambia, lakini nawaambia.

Kwa hiyo mama yangu alipovunjika nyonga, nililia siku hiyo moja, kisha nikachukua tepu nikaanza kupima.

Mama alikuwa akiishi peke yake Mau Narok, kwenye boma letu la zamani, katikati ya ngano na viazi. Bafu lake lilikuwa la mabati, nyuma ya nyumba, halina paa, na sakafu yake ni mawe bapa yaliyopangwa juu ya udongo. Asubuhi moja ya baridi, baridi ile ya Mau inayouma masikio, alikuwa amebeba beseni la maji moto akateleza kwenye jiwe. Jirani ndiye aliyemsikia. Hospitalini walimtia vyuma, na daktari akatuambia wazi kwamba akianguka tena huenda asisimame, na asirudi kuishi peke yake. Mama alisikiliza kwa adabu, akasema sawa, atakuja kwangu kwa muda.

Hayo maneno "kwa muda" hayakunipendeza. Namjua mama yangu. Akikosa raha kwangu angerudi kwake hata kwa kutambaa, na yale mawe yako palepale.

Nyumba yetu ina mabafu mawili. Moja liko ndani ya chumba chetu mimi na mume wangu, jingine lilikuwa kwenye kijia kinachotoka sebuleni, la watoto na wageni. Watoto wamekua, wameenda zao. Nilisema hili ndilo litakuwa la mama, na nikalibomoa mpaka simiti. Nilitupa vigae vinavyong'aa ambavyo wateja wangu wote wanavililia, nikaweka vile vyenye uso wa kukwaruza, ambavyo hata ukimwaga sabuni mguu unashika. Nilitoa kizingiti, maana mguu mbovu hauwezi kuruka ukuta kila siku. Mteremko niliupima mwenyewe kwa kumwaga maji ndoo baada ya ndoo, fundi amesimama amekunja mikono, mpaka tone la mwisho lilipoingia kwenye shimo. Niliweka choo cha kiti kirefu, vyuma vya kushikilia kushoto na kulia, benchi la simiti la kukalia akioga, na taa isiyomulika machoni. Shawa ya umeme niliiweka chini kidogo ili aifikie, na kila mwisho wa mwezi kichwa chake nakifungia mfuko wenye siki usiku kucha, kwa sababu maji yetu ya kisima yana chumvi inayoziba vitundu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilipiga picha, nikawaonyesha wateja.

Mama alipofika alizunguka bafu lote na mkongojo wake, akagusa vyuma, akakaa kwenye benchi na nguo zake zote. Akasema, "Hapa hata maiti anaweza kujiosha." Kutoka kwa mama yangu, hiyo ni sifa kubwa.

Wiki ya kwanza ilianza vizuri. Nikamwogesha, akanywa chai yake ya vikombe viwili, uji saa nne, maji mchana. Mume wangu hufanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Naivasha. Hurudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu mapema. Ijumaa hiyo, mama alikataa chai. Nimeshiba, akasema. Jumamosi akala ugali mkavu, akasukuma kikombe pembeni. Jumapili midomo ilikuwa imempasuka. Jumatatu akanywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi, akawa mzima.

Nilidhani ni dawa. Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na mimi, kama kawaida yangu, nikatafuta kosa kwenye bafu. Labda kiti cha choo ni baridi. Nikaweka cha aina nyingine. Labda chuma cha kulia kiko mbali, nikakisogeza. Labda harufu ya rangi mpya inamsumbua, nikapanua kidirisha. Kila Jumatatu nilijisifu kwamba nimepata dawa, na kila Ijumaa mama anageuza uso akiona birika.

Jumapili ya tatu aliinuka kwenye kitanda chake, kizunguzungu kikamshika, akaenda chini. Nilimdaka kwapani kabla hajafika sakafuni. Muuguzi niliyempeleka kwake kesho yake alimbana ngozi ya mkono, akaiona inavyochelewa kurudi, akaniuliza kwa ukali kwa nini simpi mzee maji. Mimi. Nilihisi uso ukiniwaka. Na tukiwa bado kwenye veranda ya kliniki mama akasema, "Mwezi ukiisha nirudishe nyumbani. Nimepona."

Niliogopa kwelikweli. Nikiogopa huwa nakasirika, basi nikakasirika. Tulipofika nyumbani nilimketisha jikoni, nikamjazia kikombe, nikamwangalia anavyokimaliza.

"Mama, leo Jumatatu unakunywa. Ijumaa hunywi. Ijumaa imekukosea nini?"

Akafuta meza iliyokuwa safi.

"Bafu nimekujengea mimi mwenyewe. Kama lina shida, sema nilirekebishe."

"Bafu ni zuri," akasema. "Mlango ndio mbaya. Unataka nipite mbele ya mkwe wangu, amekaa pale na gazeti lake, anione naenda chooni? Halafu hicho choo chako kinaguruma kama lori la viazi likipanda mlima. Nyumba nzima inajua mama mkwe amemaliza. Mimi sikulelewa hivyo, na wewe sikukulea hivyo."

Nilikaa chini. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wanasalimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawapishani mlangoni, na mkwe akimwona anakuja njiani anaacha njia. Tangu niolewe, mama alikuwa hajawahi kulala chini ya paa la mume wangu. Alikuja kwa sababu ya nyonga, akavunja mwiko mmoja, na mimi nikamwekea mwingine pale mbele ya kochi. Nilikuwa nimepima kila kitu humo ndani isipokuwa jicho la mtu aliyekaa sebuleni. Na si mimi peke yangu. Nyumba zote ninazouzia vigae mjini hapa zimechorwa hivyo: choo cha wageni kinatazama kochi la baba, na tunashangaa kwa nini wazee wakitutembelea wanaaga mapema.

Nikamwambia nitamtobolea mlango kutoka chumbani kwake, aingie moja kwa moja. Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Nilale na choo?"

Basi nikajua la kufanya. Nilimpigia mume wangu simu jioni hiyo, nikamweleza. Akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Unafikiri kwa nini Jumamosi nashinda kwa gari nikisikiza redio?" akasema. "Nampa nafasi. Lakini naona yeye anafikiri nimemchoka."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ati mama yako haendi choo? Mimi?"

Watu wazima wawili, kila mmoja anamheshimu mwenzake mpaka karibu mmoja afe. Nilikata simu nikacheka peke yangu, kisha nikampigia fundi.

Fundi alikuja Jumanne, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo mrefu. Nilimwonyesha ukuta wa nyuma, unaotazama uwanja wa kuanikia nguo. Hapa toboa mlango. Ule wa kwenye kijia, ziba kwa mawe, piga lipu, paka rangi, mtu asijue palikuwa na mlango.

"Mathe, ngoja kwanza," akasema. "Watu wote wanaleta choo ndani ya nyumba. Wewe unaitoa nje?"

"Naitoa nje."

"Na siku ukiuza hii nyumba?"

"Nitakuuzia wewe. Toboa."

Jirani yangu alichungulia juu ya ua akaniuliza kama tumeanza kujenga nyumba za kupangisha. Nilimwambia ndiyo, na mpangaji nimeshapata. Sikuwa na shaka hata kidogo. Toka mlango wa jikoni, ambao uko karibu na chumba cha mama, nilimwagia njia ya simiti yenye mteremko mdogo sana wa kutupa maji ya mvua kwenye mtaro. Niliipiga brashi ikiwa mbichi ili ikwaruze. Juu nikaezeka mabati, pembeni nikaweka bomba refu la kushikilia kuanzia jikoni hadi bafuni, nikalizungushia kamba ya katani kwa sababu asubuhi chuma kinauma mikono. Na lile tangi la choo linaloguruma nikalitoa, nikaweka la aina inayojaa polepole, ambayo wateja wangu hawaitaki kwa kuwa ni ya watu wenye subira. Ijumaa mchana simiti ilikuwa imekauka. Nilimkabidhi mama ufunguo, wa kwake peke yake.

Mume wangu alirudi jioni. Akasalimia kutoka mlangoni, kwa mbali, inavyotakiwa, akaketi sebuleni na gazeti. Mimi nikabaki jikoni nakata sukuma wiki, masikio yamesimama. Mama alipita nyuma yangu na taulo begani, akatoka, mkongojo mkono mmoja, bomba mkono mwingine, taratibu. Nikasikia komeo. Halafu maji, kwa muda mrefu, na mama yangu anaimba pambio la kanisani kwa sauti ya mtu aliye peke yake porini.

Aliporudi alikaa karibu na jiko, uso unang'aa mafuta, akaomba chai. Akamaliza, akajimiminia nyingine mwenyewe. Kisha akainua sauti kuelekea sebuleni, jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu, akauliza kama huko kwenye maua mvua imenyesha.

"Imenyesha, mama," mume wangu akajibu kutoka kwenye kochi. "Mau je?"

"Sijui ya Mau," mama akasema. "Nimekaa huku."

Akanigeukia mimi, akashusha sauti.

"Kesho mtume mtu Mau Narok. Mbwa apewe jirani, amezoea baridi. Kuku niletewe."

Nilimuuliza kuku wangapi, kwa sababu ilibidi niseme kitu.

"Wote," akasema.