Mikate Mitatu ya Meza ya Bwana

Nisikilize kidogo, maana juzi nilimwona binti yangu akificha mikono mgongoni, nikakumbuka yangu.

Baba alikuwa mchungaji Ifakara. Alasiri moja, mama akipeta mpunga uani, nilifungua kopo la mikate ya Meza ya Bwana, ile midogo myembamba inayoliwa kanisani wakati wa ushirika, nikala mitatu. Ilikuwa na ladha ya karatasi. Nilikuwa nimemsikia baba akihubiri kwamba anayeila bila kustahili anajiletea hukumu, basi nikajilaza mkekani kusubiri kifo.

Baba akaingia.

“Shikamoo baba. Nakufa.”

“Marahaba. Umekula nini?”

Nilimweleza yote. Aliniacha nimalize, ndipo akacheka.

“Hiyo bado haijaombewa, mama. Ni unga na maji. Kama ni njaa, wali upo jikoni.”

Moyo ulitua, nikalia.

Mtoto akianza kukiri kosa, mwache amalize.