Kaburi la Mtani Ignas

Kwa miaka ishirini na sita watu walimwita Ignas Mnyamwezi, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Alikuja akitokea Tabora na begi moja, akajifunza kupogoa mizabibu Makutupora, kisha akaoa kijiji cha jirani na kubaki huko huko. Kwa kuwa Wagogo wa pale na Wanyamwezi ni watani, siku yake ya kwanza alipokewa kwa maneno ya utani.

"Wewe Mnyamwezi," jirani yake Noeli alimwambia, "babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, babu yangu akampa maji. Bakuli letu liko wapi?"

"Lilikuwa linavuja," Ignas akajibu. "Tukalitupa."

Tangu hapo akawa mtu wa pale. Alipogoa mizabibu ya nusu ya kijiji, na watu walisema tawi alilolipogoa Ignas haliwezi kukosa kuzaa.

Mkewe, Dorkasi, ndiye aliyeujua ukweli. Kabla ya ndoa Ignas alimweleza kwamba amezaliwa Burundi, akavuka mpaka mgongoni mwa mama yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Uraia alikuja kuupata baadaye. "Ukitaka, waambie," alisema. Dorkasi hakuwaambia. Utani ule ulikuwa umemsitiri mumewe kama koti, naye hakuona sababu ya kumvua.

Jumanne asubuhi moyo wa Ignas ulisimama akiwa shambani, mkasi bado mkononi. Alhamisi, siku ya maziko, kaka yake akafika kutoka Ulyankulu. Alipoliona jeneza tu akaangua kilio kwa Kirundi. Akina mama waliokaa mkekani wakatazamana.

"Hiyo ni lugha gani, mzee?" akauliza Matonya, mwenyekiti wa kitongoji.

Kaka wa marehemu hakuwa mtu wa kuficha. Akasema yote.

Saa sita mchana wachimba kaburi walikuwa wamefika kiunoni. Matonya akawaamuru watoke.

"Pole sana, dada yangu," alimwambia Dorkasi. "Lakini makaburi haya ni ya wenyeji. Huyu ana kwao. Nanyi mmetudanganya miaka yote hii."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Dorkasi akaingia ndani, akapiga magoti kando ya jeneza. "Bwana, kama nilikosa kwa kunyamaza, nihukumu mimi. Yeye umpe mahali pa kulala."

Binti yake, Elieth, hakupiga magoti. Alimpigia simu afisa tarafa.

Saa tisa pikipiki ikasimama uani. Afisa huyo aliitwa Gladness, mwanamke wa makamo, viatu vyeupe kwa vumbi. Aliwaamkia wazee shikamoo, akamshika Dorkasi mikono na kumpa pole, ndipo akamgeukia Matonya.

"Mwenyekiti, waraka wa wilaya uliusaini mwenyewe mwezi wa tatu. Unasemaje?"

"Ule ulihusu wakimbizi wa makambini, mheshimiwa."

"Unahusu mtu yeyote. Asibaguliwe kwa sababu ya alikozaliwa, iwe zahanatini, iwe shuleni, iwe makaburini."

Elieth akamnyooshea cheti cha uraia cha baba yake. Gladness hakukifungua.

"Kitunze, mwanangu. Maiti hadaiwi karatasi. Na tukianza kuuliza babu wa kila mtu alitokea wapi, mwenyekiti, nitaanzia na wako, na leo hatutazika." Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. "Naomba wachimbaji waendelee."

Wakaendelea. Ardhi ile ngumu iliwapa kazi, na jua lilikuwa limepoa jeneza lilipofikishwa makaburini. Katekista akafungua kitabu chake. Kabla hajaanza kusoma, Noeli akapenya katikati ya watu, akarukia kaburini na kulala chali.

Dorkasi alidhani zuio limeanza upya.

"Mnyamwezi haingii humu," Noeli akasema kutoka chini. "Kwanza arudishe bakuli la babu yangu."

Noeli alikuwepo kaka wa marehemu aliposema yote; alisikia kila kitu. Kaburi la mtu hulaliwa na mtani wake tu, na hakuna anayemlalia mgeni. Macho yote yakamgeukia Dorkasi, maana marehemu alihitaji mtu wa kumjibia.

"Lilikuwa linavuja, Noeli," akasema. "Tukalitupa. Toka humo, mume wangu amechoka."

Watu wakacheka, hata kaka wa marehemu, ambaye hakuelewa bakuli gani. Noeli akanyoosha mkono avutwe juu, na alipotoka uso wake ulikuwa umelowa machozi. Matonya alikuwa tayari ameshika koleo. Hakumtazama mtu.

Udongo ulipoanza kushuka, Dorkasi aliketi mchangani. Akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akimshukuru Mungu katikati ya kilio.