Mfagiaji wa Shule Iliyogeuzwa Kambi

"Hivi wewe, shoga, mwaka wa sita huu unafagia chini ya vitanda vya wanajeshi, kwani wamekuoa?" Jirani yake muuza mkaa alimuuliza hivyo siku moja, mbele za watu.

Mama Fagio alicheka hadi akashika kiuno. "Wakinioa, mahari utakula wewe? Mimi nafagia shule. Hao waliolala ndani ni wageni."

Wageni hao waliletwa na malori mwaka ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika wilayani. Walisema watalinda amani wiki mbili tu. Wakaingia madarasani, watoto wakahamia chini ya turubai nyuma ya vyoo. Mwalimu mkuu alilalamika mpaka akachoka. Mama Fagio yeye, kila asubuhi akishasali, alipiga hodi na kupitisha ufagio. "Inua mguu, mwanangu, hiyo sakafu ya watoto." Hata mwenye nyota begani aliinua.

Basi ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Mkaguzi atafika Jumatatu, na shule isiyo na darasa hata moja itafutwa, watoto wapelekwe ng'ambo ya mto. Na huko ng'ambo risasi zilikuwa bado zinalia. Mwalimu mkuu alimsomea Mama Fagio.

"Niachie mimi," alisema Mama Fagio. "Mungu hakunijalia kisomo kingi, lakini mdomo alinipa."

Kapteni wa kambi alimpokea kwa adabu, akamvutia kiti. "Mama yangu, vyumba vimejaa pomoni. Hata sindano haipenyi."

"Afande, mwanangu, mfagiaji hadanganywi. Chumba cha tatu kina maboksi matupu na baiskeli isiyo na gurudumu. Cha nne wanalala watatu, na mmoja yuko likizo tangu mwezi uliopita. Niendelee na cha tano?"

Askari wa mlangoni alijikoholesha kuficha kicheko. Kapteni akakuna kidevu, akatazama nje. Chini ya turubai watoto walikuwa wanakariri jedwali la saba, wamebanana kama kuni kwenye mzigo.

"Chukua cha tatu na cha nne," alisema hatimaye. "Jumamosi vitakuwa wazi, na vijana watakubebea madawati. Kuna jingine, mama?"

"Lipo, mwanangu. Naomba bunduki isivuke kizingiti cha darasa. Askari anayetaka kusikiliza somo aiache nje, aingie, akae kwenye dawati kama wenzake."