Kadi ya Picha na Jicho la Mama

Macho ya mama yangu yalikuwa yanakwisha, na mimi nilikuwa nahangaika na kompyuta. Daktari alitwambia ni presha ya macho: la kushoto limeshapotea, la kulia litafanyiwa operesheni Jumapili. Hakutuahidi kitu. Mama alinishika mkono mpaka kwenye gari, na njia nzima ya kurudi nyumbani kwetu Hail hakusema ila, "Alhamdulillahi."

Kazi yangu ni kuchora majumba. Kwa muda mrefu, nikipata nafasi, nilikuwa naichora nyumba aliyozaliwa yeye Unguja. Nyumba yenyewe ilishabomoka, na picha yake hatuna. Mama alinihadithia tu: ukumbi hapa, kisima kule, ngazi zinapinda hivi. Niliichora kwenye kompyuta kwa namna ambayo mtu anaweza kuingia na kutembea ndani. Nilitaka aione kabla ya Jumapili.

Lakini kompyuta yangu ilikuwa kongwe. Kila nikijaribu kuingia ukumbini, picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Mtu aliyebakiwa na jicho moja, nalo bovu, angepata kizunguzungu tu. Basi nikaenda Ruwi, kwenye maduka ya kompyuta, nikanunua kadi ya picha, ile inayochora kinachoonekana kwenye skrini. Nilichagua kubwa kuliko zote dukani, bila kumuuliza mtu.

Niliichomeka, nikawasha. Feni zikazunguka kidogo, kisha kimya. Nikajaribu tena, haikuwaka kabisa. Nyumba nzima ilikuwa mle ndani, na sikuwa na nakala pahala pengine.

"Vipi, imekubali?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Bado kidogo, mama," nikamjibu.

Nikampigia simu kaka yangu, ambaye ni fundi wa mitambo na anakaa Al Khoudh, si mbali na kwetu. Alipofika alifungua ubavu wa kompyuta, akaangalia ndani.

"Kadi hii inataka umeme mwingi," akasema. "Kompyuta yako haina umeme huo. Ndiyo maana imejizima."

"Na michoro yangu?"

"Ngoja."

Aliichomoa, akairejesha kadi ya zamani, akawasha. Skrini ikapata mwanga. Nilikaa chini sakafuni pale pale. Kitu cha kwanza nilichofanya baadaye ni kutoa nakala.

"Na hata umeme ungetosha," kaka akaendelea, "prosesa yako imezeeka. Prosesa ndiyo inayoiambia kadi ichore nini. Kadi kubwa hivi ingekaa tu inangojea kuambiwa. Tafuta ya kiasi, inayokwenda sawa na prosesa."

Dukani walikubali kunibadilishia. Kadi ndogo ilikaa vizuri, ikawaka mara ya kwanza. Lakini nilipoingia ukumbini, picha bado ilikuwa inashtuka, ingawa si kama mwanzo. Na siku zilikuwa zimebaki chache.

Kaka akaniambia kwenye simu, "Umejaza vitu vingi. Prosesa inaiagiza kadi ichore kimoja kimoja. Punguza."

Nilikuwa nimechora kila sahani kwenye rafu, kila nondo ya dirisha, mapaa ya jirani mtaa mzima. Yote hayo alinihadithia yeye. Nilifuta mapaa, kisha nikasita. Je, nikikifuta kile hasa anachokitaka? Nikaenda kumuuliza.

"Mama, ukiingia nyumbani kwenu, unataka uone nini?"

Alifikiri. "Ngazi. Na dirisha la juu. Nikikaa pale kumngoja baba arudi."

Basi nikabakisha ukumbi, ngazi na dirisha lile. Vingine vingi nikavifuta.

Ijumaa, baada ya sala, mimi na kaka tulimkalisha mama karibu kabisa na skrini. Nilishika kipanya, nikamwingiza ndani polepole. Picha haikukwama. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Nnaona," akasema. "Panda."

Tukapanda ngazi. Alipofika dirishani akatikisa kichwa. "Lilikuwa chini zaidi kuliko hivi. Nikichungulia bila ya kupanda juu ya kitu."

Nikalishusha yeye akiwa anangoja. Akalitazama muda mrefu, mkono wake uko begani kwangu. Kaka alitoka nje, akarudi macho yamemwiva.

Operesheni ilikwenda salama. Jicho halikupona, ila halikuzidi kuharibika. Anaona mwanga, na anatutambua tukimkaribia. Jioni ile ya hospitali, bandeji ingali usoni, nilidhani ataniuliza habari za nyumba yao. Aliuliza tu kama kaka yangu amekula.