Mbwa Aliyelikataa Ini

Msinicheke. Au kama ni lazima, mcheke nikishamaliza. Haya niliyaona mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Sikuwa usingizini wala sikuwa na homa.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya mtaa wa Kiriri, huko juu kwa wenye nazo. Sisi ni watu wa mtaa wa Buyenzi huko chini, Waislamu tangu mababu, na mbwa kwetu ni najisi. Lakini njaa haichagui kazi. Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kumlisha Bobi, mbwa mkubwa mweusi wa madamu mwenye nyumba. Bobi hakula ugali kama mbwa wa watu. Alikula ini bichi la ng'ombe, figo na moyo, maana madamu alisema kupika kunaua vitamini. Kila adhuhuri nilimkatia ini zito, linang'aa, mimi niliyeshindia maharagwe.

Wakati huohuo mdogo wangu Zaina alijifungua, akatokwa na damu nyingi. Hospitali wakamrudisha nyumbani: ale ini na lengalenga, ule mchicha wetu, damu irudi. Lengalenga tulipata. Ini je? Nilimwomba madamu kipande kimoja tu. Akajibu bila hata kuniangalia, "Iyo ni ya Bobi, iko na régime yake ya chakula." Nikasema oui, madamu. Ulitaka niseme nini?

Basi siku ya pili yake nikamwekea Bobi sahani. Akanusa lile ini, akalisukuma kwa pua mpaka sahani ikagonga vidole vyangu. Nikairudisha. Akaisukuma tena. Kisha akainua kichwa, akaniangalia, akasema.

Ndiyo, alisema! Mbwa aliyezoea kuambiwa assis na couché, kaa na lala, Kifaransa kitupu, aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi, taratibu, kama mtu mzima aliyechoka: "Iyi si yangu. Pelekea Zaina."

Wallahi! Nilianza kusoma Ayatul Kursi kumfukuza shetani, katikati ikanipotea. Bobi hakukimbia, hakugeuka moshi. Alilala tu pale chini akiningoja niamue.

Nami nikaamua. Nikajiambia, hili lishaguswa na pua ya mbwa, tena mbwa mwenye jini. Nimpelekee mzazi najisi? Nikalitupa lote kwenye shimo la taka, nikafukia, nikanawa mikono mara saba, mara moja kwa udongo. Nilijiona nimeushinda mtihani, mjinga mimi.

Zaina alifariki siku ya tatu tangu hapo, midomo myeupe kama unga wa muhogo.

Baada ya matanga nilimweleza maalim wetu yote, nikitaka aniambie kwamba nilifanya vyema. Akasema, "Mwanangu, si ungeyosha tu na maji? Mutu anakufa, Mungu atakuuliza habari ya pua ya imbwa?"

Nilirudi kazini kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Bobi akala ini lote, akaramba sahani. Nilipiga magoti mbele yake, niamini, nikamwambia sema tena, nitukane basi. Akatikisa mkia. Mbwa tu.

Mtoto wa Zaina ninamlea mimi, sasa anakimbia. Mama yetu huwaambia majirani kwamba hakuna aliyemhangaikia Zaina kama mimi. Kila akisema hivyo natoka nje, nasingizia maji yako motoni. Hajui. Nitamwambiaje?

Wewe unayenisikiliza, kama una mgonjwa ndani na riziki yake ikakufikia kwa njia usiyoipenda, usijifanye msafi. Ipokee, uioshe, uipike, umpelekee wakati bado anaweza kumeza.