Koti la Mke Mwenza

“Weka mkasi chini, wifi! Ukikikata hicho kiatu, leo hii undugu wetu umekwisha!”

Ogdo alikuwa ameziba njia kati ya jiko la matofali na mlango, kiatu kimoja cha marehemu kaka yake amekikumbatia kama mtoto mchanga. Balbara, mjane wa kaka huyo, alishika cha pili, na mkono mwingine ulikuwa na mkasi wa kunyolea manyoya ya farasi.

“Undugu gani na wewe? Tangu asubuhi umelamba nusu sufuria ya gundi ya unga ya madirisha, eti uji!”

“Haikuwa na chumvi hata hivyo.”

“Basi lete kiatu, mla gundi. Kunney yuko njiani.”

Na hapo ndipo palipokuwa na moto wenyewe. Kunney, binti pekee wa Balbara, alikuwa amesema kwenye simu maneno machache yasiyo na mlango wa kutokea: leo atakuja kukagua, na akikuta nyumba au gari havijawa tayari kwa baridi, mama anahamia kwake mjini Yakutsk, ghorofa ya nne, hadi mwezi wa tano. Hakusema kwa ubaya. Baridi iliyopita mama yake alibanwa na kifua, gari likagoma kuwaka, na zahanati ilikuwa mwendo wa kilomita arobaini. Siku tatu alilala akipumua kama mvukuto uliotoboka.

Nyumba ilikuwa imekwisha. Pamba imepangwa katikati ya vioo viwili vya kila dirisha, karatasi zimebandikwa pembeni kwa ile gundi iliyonusurika. Zizi limepakwa samadi mpaka juu. Vipande vya barafu kutoka ziwani, maji ya chai ya miezi saba, vimepangwa nje kama vitofali vya bluu. Hata madirisha ya gari yalishawekewa kioo cha pili. Kilichobaki ni koti la gari, lile guo zito la kulifunika zima usiku, injini ikinguruma ndani yake ili isigande. Panya walikuwa wameingia ghalani majira ya joto wakalitoboa tundu kubwa kama kikaango, tena juu ya injini hasa. Gari lenye koti lililotoboka pale likizimika usiku mmoja tu, halisikii tena dua wala matusi. Na sufu ngumu ya kulishona haikuwapo dukani. Lori la bidhaa lilikuwa ng’ambo ya mto Lena likingoja barafu ikomae lipite juu yake. Sufu pekee ya namna hiyo katika nyumba nzima ilikuwa miguuni mwa marehemu Miiterey, yaani ingekuwa, kama miguu yenyewe ingalikuwapo.

Viatu vyake vile virefu vya sufu vilikaa kando ya jiko, nyayo zikielekea moto, vilevile alivyoviacha. Miaka miwili sasa, kila jioni Balbara alivigeuza ili vikauke. Havikuwa na unyevu wowote. Alivigeuza tu.

“Koti lenyewe alilishona yeye,” Balbara akasema, sauti imeshuka. “Unakumbuka?”

“Nitasahauje? Alichukua koti la jeshi la baba bila ruhusa.”

“Na blanketi langu la harusi.”

Wote wawili wakacheka, kisha kila mmoja akajifanya hakucheka.

Miiterey alilinunua lile gari mwaka mmoja baada ya kuoa, na tangu siku hiyo Balbara aliliita mke mwenza. Alikuwa na sababu. Mume alilivalisha gari kabla ya kumuuliza mkewe kama ana soksi. Kila mwezi wa kumi alikaa sakafuni siku mbili akishona, sindano ya mfupa mdomoni, vifungo vya pembe ya ng’ombe vimepangwa kwenye paja. Kisha akatoka kulivalisha, taratibu, kifungo kwa kifungo, akilibembeleza: “Haya, mama, ingiza bega.” Balbara alimtazama dirishani na kulionea gari wivu wa kweli, ule wa kuunguza chapati. Jioni Miiterey alirudi ndani ananuka petroli na nyasi kavu, akaomba chai ya maziwa, akaweka miguu jikoni, na nyumba ikajaa.

“Mwaka ule wa kwanza,” akaendelea Balbara, “baridi ilipiga hata moshi wa dohani yetu ukaganda ukiwa umesimama. Jirani akaja akafungia ng’ombe wake pale.”

“Uongo! Alifunga farasi.”

“Ng’ombe, wifi. Tulimkamua hapohapo, maziwa yakatoka vijiti.”

“Farasi! Na moshi ulipoyeyuka alikimbia nao shingoni, nilimwona kwa macho yangu.”

Balbara akakaa kwenye kigoda. Akaingiza ncha ya mkasi kwenye shingo ya kiatu. Akaitoa. Akaingiza tena. Kidole gumba kilikataa kufunga.

“Si ulikuwa unakata?” Ogdo akauliza.

“Nakata.”

“Sioni.”

“Kisigino hiki kimelika upande mmoja, Ogdo. Alivyokuwa akitembea. Nikikata, atatembea wapi tena?”

Ogdo, aliyekuwa anapiga kelele hadi masizi yanaanguka, akakitazama kiatu kifuani mwake. Kisha akampokonya wifi yake mkasi.

“Kaka yangu angeliacha gari uchi kwa ajili ya viatu?” akasema. “Angekata na miguu.” Akafumba macho, akakata.

Ilisikika kama theluji inayokanyagwa. Kwa hasira ya kutotaka kulia, akakata na cha pili palepale.

Walishona bega kwa bega, Balbara mishono mirefu, Ogdo mifupi, wakitukanana juu ya mishono. Halafu wakatoka na koti limewatanda wote wawili kama hema linalotembea. Balbara akawasha injini; ikakohoa, ikakubali. Wakalivalisha gari, bomba la moshi wakaliachia nafasi. Kiraka kilikaa juu ya injini sawasawa, na kisigino kilicholika kilionekana upande wa kushoto, kama kuna mtu amekanyaga pale akivuka.

Jioni ilipokaribia walikuwa mezani, samaki mbichi aliyegandishwa amechongwa vipande vyembamba kwenye sahani, na Ogdo anatetea farasi wake upya.

“Kunney akija,” Balbara akasema, “usifungue mdomo. Mimi nitamwambia kwamba viatu vya baba yake—”

Mlango ukafunguka. Ukungu mweupe ukaingia kwanza, ukatambaa sakafuni hadi chini ya meza, na ndani yake Kunney, kope zimeshika barafu. Glavu moja ameivua, kiganja chekundu kwa joto la kugusa gari lililovalishwa. Kwapani alikuwa na mikoba miwili mitupu, ya kubebea nguo za mama yake.

Akatazama pale kando ya jiko palipokaa viatu vya baba yake, sasa patupu. Akaufunga mlango, akainama, akaikunja mikoba yote miwili na kuishindilia chini ya mlango, pale upepo ulipokuwa unapenya.